Chumba cha mtoto kisinuke

Kitanda cha mwanangu kilifika kutoka Keko, kwa mafundi seremala wa Dar, kikiwa bado kinanata. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Cheupe pee, kinang'aa kama sahani, na kwenye ukingo fundi kachora twiga wa njano. Nilifurahi mpaka asubuhi yake. Nilipofungua mlango wa kile chumba macho yaliniwasha na kichwa kikaanza kugonga. Mume wangu akasema ni mimba hiyo. Akaingia yeye, akatoka anakohoa.

Nikarudi Keko. "Fundi, umepiga rangi gani hii?"

"Rangi ya mafuta, dada. Nzuri hiyo, haibanduki."

Nikaomba nione kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Rangi kaipimiwa dukani, akaizimua na tina. Simlaumu sana. Aliniambia tangu aanze ufundi hakuna mteja aliyewahi kumuuliza kopo.

Basi wewe uliza. Rangi za mafuta, hasa zile kali za njano, nyekundu na chungwa, ndizo zinazoweza kutiwa madini ya risasi, ama kuipa rangi ukali wake, ama kuifanya ikauke upesi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi miligramu 90 katika kilo moja ya rangi, na linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huinyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na inachoharibu kwenye ubongo hakirudi. Sasa fikiria mtoto anayeota meno. Anasimama kitandani, anashika ukingo, anautafuna. Twiga wangu alikuwa amekaa palepale pa kutafunwa.

Kama ile rangi ilikuwa na risasi au haikuwa nayo, kopo la maziwa halisemi. Mume wangu alitaka tuipige msasa ukumbini, nikakataa, maana rangi yenye risasi ukiisugua unaigeuza vumbi la nyumba nzima. Tukapoteza hela ya kitanda. Cha pili tuliagiza cha mtiki, kisichopakwa rangi, kimepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi, kikamaliziwa kwa vanishi ya maji kutoka kopo lililofunguliwa mbele yangu, lenye jina la kiwanda na maandishi kwamba haina risasi. Kilikaa barazani wiki tatu kabla hakijaingia ndani. (Mkiwa kwa fundi, pimeni na nafasi kati ya fito: isizidi sentimita 6, kichwa kisije kikapenya.) Mbao zenye ukijani-kijani uliotokana na dawa ya mchwa zikatae kabisa kwa kitanda cha mtoto. Dawa nyingine za aina hiyo zina arseniki, na hizo ni za nguzo na kenchi.

Kabati lilinifundisha jambo jingine. Yale ya MDF na chipubodi ni unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, na gundi nyingi za namna hiyo hutoa fomaldehaidi. Ndiyo hiyohiyo ikichanganywa na maji inaitwa fomalini, ya mochwari. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Joto na unyevu huizidisha, na sisi tunakaa Dar. Kipimo changu hakina gharama: funga droo usiku kucha, asubuhi ifungue na uingize pua. Kabati jipya tulilokwenda kuliona lilinitoa machozi. Tukachukua la zamani la mama mkwe, la mninga, mlango umechubuka, halinuki chochote. Godoro la sponji nalo lilitolewa kwenye nailoni likapunga upepo siku kadhaa. Ukuta, rangi ya maji, na upakwe mapema, si wiki ya kujifungua.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote kilikuja bure. Wifi yangu aliniletea sanduku la nguo za mwanawe, safi, zimekunjwa vizuri, katikati yake vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo. Naftalini. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameshatuonya: kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kiitwacho G6PD, nao ni wengi katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtoto wa hivyo akivuta hewa ya naftalini au akivishwa nguo zilizolala nayo, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka, umanjano wa macho na ngozi ukapanda hadi kudhuru ubongo. Kwa kumtazama huwezi kumjua. Nilimshukuru wifi, nguo nikazifua na kuzianika juani kwa siku nyingi, na bado mtoto hakuvishwa hata moja miezi yake ya mwanzo.

Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ilitoka. Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 walikuta koili moja inatoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua chenye dawa, hapana, hicho kibaki. Najua kuna mama wanaokiogopa, lakini malaria inaua na dawa ya chandarua imepimwa kwa watoto wachanga pia. Kianike kivulini siku moja, kisha kifunge.

Palibaki wanja. Mama mkwe alikuja na kichupa chake, mtoto apakwe nyusi asije akapatwa na jicho. Nikamwambia, "Mama, wanja mwingine unasagwa kutoka jiwe la risasi." Alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu akaingia chumbani, akanusa huku na huku, akamshika mjukuu wake kichwani na kumsomea dua. Kichupa alikirudisha mkobani.