Maswali ya Wasomaji: Mikopo ya Benki Inaelekea Sekta Zipi, na kwa Nini?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: namna benki zinavyogawa mikopo kwa biashara za sekta mbalimbali, na maana ya takwimu zinazotolewa kuhusu mgawanyo huo. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu Mhariri, ninaendesha karakana ya samani yenye mafundi kumi na wanne. Nimeomba mara mbili mkopo wa kununua mashine ya kuranda mbao nikanyimwa, ilhali jirani yangu anayeuza bidhaa kwa jumla, ambaye hesabu zake haziko vizuri kuliko zangu, hukopeshwa kila mwaka. Je, benki zinawabagua wenye viwanda?
*Mwenye karakana*

Ndugu yetu, malalamiko yako tunayapata kutoka kwa wazalishaji wengi, na kwa kweli yana msingi. Ili uelewe yanakotokana, anza na hesabu ya muda. Mfanyabiashara wa jumla akikopa leo hununua mzigo, huuuza ndani ya wiki sita au nane, na fedha hurudi mikononi mwake kabla benki haijaanza kuwa na wasiwasi. Wewe unaomba mkopo wa mashine itakayochukua miezi kadhaa kuagizwa, kufungwa na kuzoewa na mafundi, kisha itajilipa polepole kwa miaka minne au mitano. Benki nayo inakopesha fedha za waweka amana, ambao wengi wao wanaweza kuzitaka wakati wowote. Kadiri mkopo unavyokuwa mrefu ndivyo pengo kati ya fedha inazodai na fedha inazodaiwa linavyopanuka, na pengo hilo ndilo linalowakosesha mameneja wa benki usingizi.

Linalofuata ni dhamana. Ofisa mikopo anapoingia karakanani kwako haitazami mashine kwa macho yako. Wewe unaona makabati na milango itakayotoka humo. Yeye anajiuliza ni nani atakayeinunua mnadani endapo utashindwa kulipa, itagharimu kiasi gani kufungua boliti zake sakafuni, na kama itawaka tena baada ya kusafirishwa. Mashine ya kazi maalumu hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake siku inapong'olewa, wakati jengo hubaki palepale na hati yake iko kabatini mwa benki. Ndiyo maana mwenye kiwanda mwenye nyumba ya kuweka rehani hukopeshwa kwa urahisi kuliko mwenye kiwanda bora asiye na nyumba. Kwa maoni yetu hili ni kosa kubwa katika ukopeshaji, kwa sababu nyumba hailipi mkopo. Mkopo hulipwa na mauzo.

Kuna pia kanuni za mtaji, ambazo wakopaji wachache huzifahamu. Tangu makubaliano ya kwanza ya Basel ya mwaka 1988, yaani kanuni za kimataifa za usimamizi wa benki, benki hutakiwa kuwa na mtaji (fedha za wenye benki wenyewe, si za waweka amana) usiopungua asilimia 8 ya mali zake baada ya kila mali kupimwa kwa uzito wa hatari yake. Mkopo kwa kampuni ya kawaida isiyo na tathmini ya wakala wa viwango vya mikopo hupewa uzito wa asilimia 100, hivyo kila 100 inayokopeshwa huhitaji mtaji wa 8. Hatifungani ya serikali katika sarafu yake yenyewe inaweza kupewa uzito wa sifuri, na hapo mtaji unaohitajika ni sifuri. Katika makubaliano ya pili, ya mwaka 2004, mkopo wa nyumba ya kuishi chini ya utaratibu wa kawaida ulipewa uzito wa asilimia 35, yaani mtaji wa 2.8 kwa kila 100. Meneja anayepima faida dhidi ya mtaji alionao huona tofauti hiyo mara moja, na serikali inapokopa kwa riba nzuri, mzalishaji husukumwa mwisho wa foleni bila mtu yeyote kumkusudia mabaya.

Huenda ukauliza kwa nini wasikutoze tu riba kubwa zaidi ili kufidia hatari. Wachumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walilijibu swali hilo mwaka 1981: riba ikipandishwa mno, wakopaji waangalifu hujiondoa, wakabaki wale walio tayari kucheza pata-potea na fedha za wengine. Kwa hiyo benki huona heri kunyima kuliko kupandisha. Mtu anaweza kunyimwa mkopo akiwa tayari kabisa kulipa riba iliyotangazwa, kama ilivyokutokea.

Kwa upande wa hatua, tunakushauri uache kuomba mkopo wa mashine kwa njia ya kawaida, uulizie ukodishaji wa mitambo, ambao baadhi ya taasisi huuita karadha. Katika utaratibu huo mashine hubaki mali ya taasisi hadi umalize malipo, na ukishindwa inachukua kilicho chake bila mvutano mrefu wa kisheria. Ukienda, chukua oda ulizosaini, kumbukumbu za mauzo za miezi 24 mwezi kwa mwezi, na maelezo ya saa ngapi za kazi mashine itaokoa kwa kila samani. Ukurasa mmoja wa hesabu hiyo una uzito kuliko andiko refu la mradi lililonakiliwa kwa mwingine.

Nimesoma kwamba katika nchi fulani mikopo kwa kilimo iliongezeka kwa asilimia 50 kwa mwaka, na mikopo kwa biashara ya jumla na rejareja kwa asilimia 8 pekee. Je, ni sahihi kuandika kwamba kilimo ndicho kinachoongoza?
*Mwanafunzi wa uchumi*

Usiandike hivyo kabla ya kuangalia kila sekta ilianzia wapi. Tuseme kati ya kila 100 iliyokuwa imekopeshwa, kilimo kilikuwa na 4 na biashara 30. Asilimia 50 ya 4 ni 2; asilimia 8 ya 30 ni 2.4. Biashara iliyoonekana kusuasua ndiyo iliyopokea fedha mpya nyingi zaidi. Kila uonapo asilimia ya ukuaji, tafuta na sehemu ya sekta hiyo katika jumla, kisha toa mfumuko wa bei, kwa kuwa ukuaji wa asilimia 8 mahali ambapo bei zimepanda kwa asilimia 8 ni sawa na kusimama.

Kumbuka pia kwamba takwimu hizi kwa kawaida ni salio la mikopo, wala hazioneshi moja kwa moja mikopo mipya iliyotolewa. Salio hupungua wakopaji wanaporejesha, lakini hupungua vilevile benki inapofuta vitabuni mikopo chechefu, ambayo kwa kawaida ni ile iliyopitisha siku 90 bila malipo. Sekta inaweza kuonekana imesinyaa ghafla kumbe benki imefanya usafi wa mizania yake tu. Na mikopo iliyotolewa kwa sarafu ya kigeni huvimba katika vitabu sarafu ya nyumbani inaposhuka, bila hata mtu mmoja kukopeshwa.

Suala la majina ya sekta nalo lina mtego. Mkopo wa anayenunua mazao kwa wakulima na kuyauza mara nyingi huingizwa kwenye biashara, ijapokuwa fedha zimefika shambani. Mkopo wa mwenye biashara ndogo aliyekopa kwa jina lake au kwa dhamana ya mshahara huingia kwenye mikopo binafsi. Tunaamini kwamba wajasiriamali wengi wamefichwa humo, na anayetunga sera bila kulijua hilo atajenga juu ya picha isiyo kamili.

Hatimaye jiulize kama mabadiliko yametoka kwa benki au kwa wakopaji. Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipoanza kufunga shughuli, kampuni nyingi za Marekani zilichota kwa wingi fedha katika vikomo vya mikopo vilivyokwishaidhinishwa, kwa hofu ya kukosa fedha za kuendeshea shughuli. Mikopo iliongezeka sana, na anayesoma salio peke yake angedhani uchumi unachanua. Benki Kuu ya Ulaya huziuliza benki, tangu mwaka 2003, maswali mawili kwa kuyatenganisha: je, mmekaza au mmelegeza vigezo vya kukopesha, na je, maombi ya kampuni yameongezeka au yamepungua? Benki hiyo ilianza kupandisha riba Julai 2022, na kufikia robo ya pili ya 2023 mahitaji ya mikopo ya kampuni yalikuwa yameanguka hadi kiwango cha chini kuliko vyote tangu uchunguzi huo uanze. Benki zilikuwa zimekaza vigezo, ni kweli, ila kampuni zenyewe pia zilikuwa zimeahirisha uwekezaji. Bila maswali hayo mawili usingeweza kuzitofautisha sababu hizo.

Kampuni ninayofanyia kazi inajenga majengo ya biashara na kuyauza. Benki zimetufungulia milango kwa miaka kadhaa. Kwa nini wachumi husema mikopo ya aina hii ni hatari ilhali inaleta ajira?
*Mhandisi*

Ajira ni za kweli, wala hatuzibezi. Wasiwasi unatokana na namna mkopo unavyojipandishia dhamana yake. Benki zikikopesha kwa ajili ya majengo, bei za majengo hupanda; bei zikipanda, dhamana huonekana nono zaidi, na benki hukopesha tena. Mzunguko huo hupendeza hadi wanunuzi wanapoisha, kisha hugeuka kwa kasi ileile. Ireland ilipitia hayo: mikopo ya majengo ilivimba kabla ya 2008, bei zikaporomoka, benki zikaokolewa kwa fedha za umma, na mwishoni mwa 2010 nchi nzima ikahitaji mpango wa uokozi wa euro bilioni 85.

Wachumi Karsten Müller na Emil Verner walikusanya takwimu za mikopo kwa sekta katika nchi 117, zinazoanzia mwaka 1940, na wakaona mkondo unaojirudia: mikopo inapofurika kwenye ujenzi, milki (yaani ardhi na majengo) na biashara ya ndani, hufuatwa mara nyingi na kudorora kwa uchumi na misukosuko ya benki, wakati ile inayoelekea kwenye viwanda huambatana na ukuaji wa tija. Na mwelekeo wa muda mrefu hauelekei viwandani. Wachumi wengine, Òscar Jordà, Moritz Schularick na Alan Taylor, walionesha kwamba katika nchi 17 zilizoendelea, mikopo inayodhaminiwa na milki ilikuwa kama asilimia 30 ya mikopo yote ya benki mwaka 1900, na karne moja baadaye ilikaribia asilimia 60. Barua ya mwenye karakana hapo juu na yako, mhandisi, ni pande mbili za habari hiyo moja.

Tunatengeneza programu za kompyuta. Hatuna jengo, mashine wala mzigo. Je, tuache kabisa kuziendea benki?
*Washirika watatu*

Msiache, ila msiombe mkopo wa kutengeneza programu mpya. Hiyo ni kazi ya mtaji wa wenye hisa, kwa sababu programu isiyouzika haina mnada. Mlicho nacho ni ankara. Mteja mkubwa aliyepokea kazi na kuahidi kulipa baada ya siku 60 ni dhamana, na benki kadhaa hununua ankara za namna hiyo kwa punguzo au kutoa sehemu ya thamani yake mapema. Sheria za mali zinazohamishika, kama zile zilizopendekezwa katika sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016, huruhusu madai ya aina hiyo kuandikishwa katika rejista ili mkopeshaji wa pili ajue kwamba yameshawekwa dhamana. Kabla ya kwenda, someni mkataba wenu na mteja: baadhi ya mikataba hukataza kuhamisha haki ya malipo kwa mtu mwingine, na mkiikuta ibara hiyo, jadilianeni na mteja aiondoe kabla ya kupeleka ankara benki.