Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Bolti, Kitako cha Mbao na Kutu ya Pwani

*Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Kimara. Nimeona kwenye intaneti watu wa Marekani wakijiundia nyumbani bunduki ya bolti, ile inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kwa kila risasi: wananunua resiva (kiunzi cha chuma kinachobeba bolti), wananunua mtutu uliokwisha chongwa, wanafunga wenyewe. Nataka kufanya hivyo kwa bajeti ndogo. Nianzie wapi?*

Ndugu msomaji, usianze. Kwa sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kutengeneza silaha bila leseni ni kosa la jinai, na haijalishi kama ni ya kuwindia au ni ya kutundika ukutani. Resiva na mtutu navyo haviagizwi kwa posta kama vipuri vya pikipiki. Gobore lililoundwa kijijini bila leseni na bunduki ya bolti iliyofungwa gereji vyote vinahesabika silaha haramu.

Hata sheria ikiwekwa pembeni, chuma chenyewe hakikubali ubabaishaji. Risasi ya .30-06 inapolipuka, shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, hufika takriban baa 4,100. Anayezuia shinikizo hilo lisikurudie usoni ni bolti, kwa vishikio vyake viwili vidogo, na ugumu wa vishikio hivyo umetokana na kupashwa joto na kupozwa kwa vipimo. Ukiusogelea kwa moto wa kuchomelea, ugumu ule unaondoka na kwa macho huoni tofauti yoyote. Tena nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda la risasi hupimwa kwa geji mbili zinazotofautiana takriban milimita 0.1. Ikizidi hapo, ganda linaweza kupasuka kiunoni na gesi ikatoka nyuma.

Kinachowezekana kwa pesa ndogo ni hiki: nunua bunduki iliyotumika kwa muuzaji mwenye leseni, umiliki uhamishwe kupitia polisi, kisha weka pesa zako kwenye kitako (mbao yote inayobeba chuma, hadi chini ya mtutu), ufungaji wa darubini na matunzo. Kabla ya kulipa, fundi wa silaha mwenye leseni aipime kwa zile geji mbili. Bolti ikifunga juu ya geji ndefu, achana nayo hata bei ikishuka nusu. Angalia ndani ya mtutu kwa tochi ukianzia mdomoni: mistari inayoizungusha risasi iwe na kingo kali, pasiwe na vishimo vya kutu. Kutu ya nje husuguliwa ikaisha. Ya ndani ya chemba ndiyo hung'ang'ania ganda lisitoke.

Na kabla hujabadilisha chochote, hata kitako, zungumza na ofisi iliyokupa leseni.

*Nina bunduki ya .375 yenye leseni, kitako chake kimepasuka shingoni. Mafundi wa Keko wanachonga vizuri sana. Nitumie mbao gani, na nimpe fundi bunduki apimie? Msomaji, Mbezi.*

Bunduki usimpe. Leseni ni yako, si ya seremala. Vua chuma chote, kifungie kabatini, mpelekee kitako kilichopasuka peke yake kiwe kielelezo. Mtaro wa mtutu na nafasi ya resiva aviache vimebana kidogo, umaliziaji ufanywe na fundi wa silaha akiwa na chuma mkononi.

Mbao yetu ni mninga. Husinyaa kidogo sana ikikauka na haijipindi ovyo msimu ukibadilika, na kwa kitako hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko urembo. Mkongo nao unafaa ingawa ni mzito zaidi na huchosha patasi. Mpingo unapendwa kwa weusi wake lakini tunaukataa kwa kitako kizima: ni mzito kuliko maji, huzama, na kitako ambacho kwa mninga kingekuwa kilo moja na robo kwa mpingo hupita kilo mbili. Tumia kipande chake kwenye ncha ya mbele tu.

Ubao uwe na urefu wa sentimita 86, upana 20, unene 6.4. Kabla ya kulipa, ulaze uchore juu yake kwa chaki umbo la kitako, kisha tazama nyuzi zinavyopita shingoni, pale mkono unaposhika. Lazima zifuate mwelekeo wa shingo kutoka mbele hadi nyuma. Zikikatisha, teke la .375, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma, litaigawa mbao papo hapo, na inawezekana kabisa ndicho kilichokupata. Maua mazuri ya mbao yabaki nyuma, kwenye sehemu ya shavu. Shingoni taka nyuzi zilizonyooka. Dai risiti, kwa sababu mninga bila nyaraka za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) unakuletea kesi ya pili.

Halafu subiri. Mbao ya kuanikwa huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Paka nta au rangi nzito kwenye ncha mbili ili zisikauke haraka kuliko katikati zikapasuka. Upime ubao kwenye mizani ya duka kila mwezi, uandike uzito kwa penseli juu yake. Uzito ukikaa palepale miezi miwili mfululizo, uko tayari. Ukichonga mbichi, kitako kitaingia vizuri leo na baada ya miezi michache resiva itakuwa inacheza.

Umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako uwe karibu sentimita 34 kwa mtu wa kimo cha wastani, pungufu kwa mfupi. Seremala avae barakoa. Vumbi la mninga huwasha pua na hubana kifua.

Kumalizia, tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Yale mabichi hayakauki vizuri, na kwa unyevu wa Dar yatanata wiki nzima. Paka kiasi kidogo kwa kitambaa, ngoja dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima au mbili, rudia mara sita hadi nane. Paka na ndani ya mtaro, ndani ya nafasi ya resiva, kwenye matundu ya skrubu na chini ya mpira wa kitako. Huko ndiko mafundi wengi wanakosahau, na huko ndiko mbao inakonywea maji. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya usivirundike: hujipasha joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo la maji.

*Kiangazi bunduki yangu inapiga pale pale. Masika ikiingia, risasi zinahamia kulia. Darubini nimeshabadilisha bila mafanikio. Msomaji, Tabata.*

Darubini haina hatia. Mvua za Machi hadi Mei zinavimbisha kitako, sehemu ya mbele inausukuma mtutu pembeni, na risasi zinafuata.

Hakikisha kwanza kwa macho yako kwamba chemba na magazini ni tupu, bolti umeitoa kabisa. Chukua ukanda wa karatasi ya kawaida, uzungushe chini ya mtutu, uvute kutoka mdomoni kuelekea resiva. Upite bila kukwama hadi karibu na chemba. Unapokwama ndipo mbao inapogusa. Tia alama kwa penseli, vua chuma, zungushia msasa namba 120 kwenye kijiti cha mviringo chenye unene wa mtutu wako, usugue pale tu. Acha nafasi ya karatasi mbili au tatu kila upande, maana mbao itavimba tena. Kisha paka mafuta palipobaki wazi, la sivyo umeifungulia mvua mlango mpya. Bunduki chache za zamani, hasa za mtutu mwembamba, zilitengenezwa makusudi kitako kiusukume mtutu kidogo kwenye ncha. Ukikuta kigongo kilichochongwa kwa ufundi pale mbele, usikiondoe kabla fundi hajakiona.

Jaribio la pili ni la resiva. Kaza skrubu zote mbili, weka kidole pale ncha ya kitako inapokutana na mtutu, mwenzako alegeze skrubu moja taratibu. Ukihisi mtutu unasogea, resiva imekaa juu ya mbao isiyo sawa na kila ukikaza unaipinda. Mwenye geji ya sahani, ile yenye mshale, apime msogeo huo: ukizidi milimita 0.05, kuna kazi ya kufanya.

Kazi hiyo ni kuitandikia resiva epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) iliyochanganywa na unga wa chuma, na afanye fundi wa silaha. Utamjua anayeielewa kwa mambo matatu. Huziba kila tundu la resiva kwa plastisini, kwa sababu epoksi ikiingia tunduni na kukauka, chuma hakitoki tena bila kuvunja kitako. Hupaka nta kila panapogusa, na skrubu nazo. Na lile sikio la chuma lililo chini ya resiva, linalopokea teke, hulibandika utepe mbele, pembeni na chini lakini nyuma huliacha wazi, ili likae limeegemea epoksi kwa uso mzima wa nyuma. Anayejaza pande zote utamwona baadaye akigonga kwa nyundo kutoa resiva.

Kwa kitako cha mbao kisicho na nguzo za chuma, skrubu za resiva hukazwa takriban Nm 4.5 (nyutoni-mita, kwa spana yenye kipimo), ya mbele kwanza. Kukaza kupita hapo kunaponda nyuzi, na mwezi ujao skrubu zimelegea.

*Nakaa Kigamboni karibu na bahari. Nikipaka mafuta leo, wiki ijayo kuna vidoa vya kutu. Naitunza kwenye mfuko wake wa ngozi. Mafuta ya nazi yanafaa?*

Mfuko wa ngozi ndio adui. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Mfuko ni wa safari tu. Nyumbani bunduki ikae wazi ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, lenye kufuli, na risasi zikae kwenye sanduku lingine lenye ufunguo wake.

Mafuta ya nazi hapana. Huganda, huchacha, na yakiingia kwenye pini ya kufyatulia huibana. Tumia mafuta ya bunduki au grisi nyepesi ya kuzuia kutu, safu nyembamba tu. Weka silika, punje zinazonyonya unyevu, ndani ya kabati na uikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa tatu inapobadilika rangi. Kila aliyeishika bunduki, aifute kabla ya kuirudisha, kwa kuwa jasho lina chumvi kama upepo wa bahari. Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu mtutuni utoe mafuta yote.

Kama unatumia risasi za zamani za kijeshi, fataki zake, zile za kuwashia baruti nyuma ya ganda, huacha chumvi ambayo mafuta hayaiyeyushi. Mwaga maji ya moto ndani ya mtutu siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta.

*Skrubu za darubini yangu zinalegea kila mara. Nizikaze mpaka mwisho?*

Hapana. Skrubu za pete zinataka Nm 1.7 hadi 2.3, na zikizidi zinaponda mrija wa darubini. Zinalegea kwa sababu zina mafuta. Zifute pamoja na matundu yake kwa spiriti, weka tone moja la gundi ya bluu ya skrubu kwenye zile za msingi unaoshika pete juu ya resiva tu, kaza kwa kupishana upande huu na huu. Jicho lako liwe sentimita 9 nyuma ya kioo, zaidi kwa .375, la sivyo teke litakupasua nyusi. Ukienda kuirekebisha kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, kumbuka darubini ya mili 0.1 (kipimo cha pembe) husogeza risasi sentimita 1 kwa kila mlio wa kitasa kwenye mita 100, na ya robo ya dakika ya pembe husogeza takriban milimita 7. Piga risasi tatu kabla ya kugusa kitasa chochote, usirekebishe kwa tundu moja.