Kabla hujagusa diski ya mteja: kwa mafundi wapya wa Kisumu

Kila wanafunzi wa atachi wanapoingia dukani, jambo lilelile hujirudia. Kijana atakutajia Babbage, mbunifu wa mashine za kukokotoa za karne ya 19, atakutajia kompyuta ya ENIAC ya 1946 na mirija yake ya umeme karibu 18,000, atapanga vizazi vya kompyuta kimoja baada ya kingine bila kukosea, kwa kuwa vilikuwa kwenye mtihani. Kisha anakuja mteja aliyefuta faili, na kijana huyohuyo anapakua programu ya kufufua mafaili na kuisakinisha kwenye diski ileile iliyopoteza faili. Nimeliona tena wiki hii. Nawapenda sana, wadogo zangu, ila kuna siku natamani kuzifungia bisibisi zote kwenye droo.

Historia mliyoikariri ni zana ya kazi. Mashine moja iliyo mezani pako imebeba maamuzi ya 1981, ya 1984, ya 1996 na ya 2009, na hitilafu nyingi tunazoletewa ni mwaka mmoja kugombana na mwingine. Mnashangaa kwa nini Windows inakaa kwenye C? IBM PC ya 1981 ilikuwa na nafasi za diski laini, A na B. Diski kuu ilipoletwa na PC XT mwaka 1983, ikiwa na megabaiti 10, herufi hizo mbili zilikuwa zina wenyewe.

1. Tazama tarehe kwanza. IBM PC/AT ya 1984 ilikuja na saa inayolindwa na betri, na hadi leo betri hiyo ipo kwenye ubao mama, aghalabu CR2032 ya duara. Ikifa, tarehe inarudi nyuma, na kivinjari kinakataa tovuti kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mteja anasema intaneti imekufa. Kijana anainuka kuchukua flashi ya Windows. Omera, kaa chini, soma saa iliyo pembeni ya skrini.

2. Flashi ina nafasi lakini inakataa filamu? Ni FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili kwenye diski. Ilikuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, na ukubwa wa kila faili huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo faili haliwezi kufika baiti 4,294,967,296. Hamisha yaliyomo, fomati kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi unaobeba mafaili makubwa, rudisha. Lakini uliza kwanza flashi inakwenda wapi! Dereva mmoja wa matatu za Kondele alirudi kwetu akiwa amefura, abiria wamesafiri bila muziki tangu asubuhi, kwa sababu kijana wetu alimfanyia hisani ya exFAT na redio ya gari ilijua FAT32 tu. Nyimbo za matatu hazifiki gigabaiti 4. Ungemwachia flashi yake.

3. Faili lililofutwa. Hapa nitakaa.

Diski kuu ya kwanza kuuzwa, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za upana wa inchi 24 na ilibeba herufi milioni 5. Diski za sumaku zina tabia moja: unaweza kuandika moja kwa moja juu ya kilichokuwepo. Kwa hiyo mfumo wa FAT haukuhangaika kusafisha. Faili likifutwa, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa alama na nafasi yake hutangazwa kuwa wazi. Ni sawa na mpangaji aliyefutwa kwenye daftari la landlodi wa Nyalenda huku kitanda chake kikiwa bado chumbani, hadi mpangaji mpya aingie na kukitupa nje; programu unayoisakinisha kwenye diski hiyo ndiyo mpangaji mpya. Kanuni hiyo ilitulisha miaka mingi. Mteja anakuja machozi yakimlenga, unachomoa diski, unaiunganisha na mashine nyingine, jioni picha za harusi zimerudi. Nilifundishwa hivyo, nami nikawafundisha wengine hivyo.

Akaja mama mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama wauza samaki kule Dunga. Mwanawe alikuwa akitafuta nafasi ya michezo kwenye kipakatalishi, akafuta folda nzima na kumwaga pipa la taka. Humo mlikuwa na hesabu za chama: nani ametoa, nani amekopa, nani anadaiwa riba. Nikamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, hayo hayajaenda popote. Niachie." Nikakiweka rafuni kikiwa kimewashwa, nikaendelea na printa. Sikuuliza ndani mna diski gani.

Ilikuwa SSD, diski isiyo na sahani za sumaku. Kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka aliibuni akiwa Toshiba miaka ya 1980, haiandikiki juu ya kilichokuwepo, lazima eneo lisafishwe kwanza. Ndiyo maana Windows 7, mwaka 2009, ilianza kutuma amri ya TRIM: faili likifutwa, diski huambiwa eneo lipi halihitajiki tena, nayo hulisafisha yenyewe inapokuwa haina kazi. Na mashine iliyowashwa rafuni haina kazi. Nilipofungua, majina yote yalikuwepo, ukubwa wa kila faili ulikuwa sahihi, na ndani mlikuwa na sifuri tupu toka mwanzo hadi mwisho.

Pengine data ilikuwa imekwisha kabla mama hajafika mlangoni. Kilichoniumiza ni ile ahadi. Kwa neno langu aliwaambia wenzake hesabu zinarudi, wakapanga siku ya kugawana faida. Siku ilifika bila kitabu. Wakaanza kushukiana, watu waliokuwa wakiamka pamoja alfajiri kungoja mashua. Waliokoteza hesabu kutoka kwenye meseji za M-Pesa na daftari la mwanachama mmoja aliyekuwa bado anaandika kwa kalamu, na wengine waliondoka kwenye chama wakiamini wameibiwa. Sikumtoza chochote, wala hilo halikumrudishia heshima yake.

Basi, kabla hujafungua mdomo, jua ni diski gani. Ikiwa ya sumaku, zima, chomoa, tengeneza nakala kamili kwenye diski nyingine na ufanyie kazi nakala hiyo. Ikiwa SSD, zima papo hapo na mwambie mteja ukweli kwamba matumaini ni madogo. Kisha mkae pamoja mtafute kwingine: barua pepe, WhatsApp ya katibu, flashi iliyosahaulika kwenye mkoba.

4. Wadudu. Septemba 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II pale Harvard walikuta nondo ndani ya relei, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye kitabu cha kumbukumbu. Sisi tuna wadudu wa ziwa, wanaofuata taa usiku na kujaa kwenye feni hadi mashine inachemka. Pulizia nje ya duka, ukiwa umeshika mapanga ya feni yasizunguke.

5. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na inayotumia biti 32 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038. Wakati huo mtakuwa na maduka yenu. Mashine za biti 64 kwa kawaida hazina shida hiyo. Wasiwasi wangu ni vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani na kusahaulika. Ukimfungia mteja kamera, kabla ya kumkabidhi sogeza saa ya rekoda hadi dakika chache kabla ya kikomo hicho, uketi utazame. Ikiruka hadi 1901 au 1970, mwambie kabla hajalipa.