Maswali ya wasomaji: Lami imefika Makete, viazi vingali shambani

Swali: Ndugu Mhariri, barabara ya Njombe–Makete ilipowekwa lami, sisi wakulima wa viazi mviringo tulitarajia nafuu. Hata hivyo, kijiji chetu kiko kilomita 14 kutoka kwenye lami, na kila masika magari hukwama katika mlima mmoja na korongo moja. Mnunuzi anayethubutu kufika ni mmoja tu, naye hutaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na bei hupanga mwenyewe. Mkutano wa kijiji umegawanyika: wapo wanaotaka tuombe lami, na wapo wanaotaka greda. Tuombe nini, na tumwombe nani? — *Mkulima, Wilaya ya Makete*

Jibu: Ndugu mkulima, pole kwa hasara hiyo, na ahsante kwa kumtaja mnunuzi huyo, kwa maana ndiye anayeonyesha ubaya wa barabara kuliko gharama ya mafuta au springi zinazovunjika. Mahali ambapo fuso kumi zinaweza kufika, mkulima hungoja bei ya gari la pili na la tatu. Mahali ambapo fuso moja pekee ndiyo hufika, mwenye gari ndiye mwenye soko, na kwa kuwa safari yake ni ya taabu na hulipia usafiri kwa hesabu ya magunia, hulijaza kila gunia hadi lifunge kilemba. Sheria inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hulisimamia katazo hilo, lakini mkulima ambaye viazi vyake vimeshachimbwa na vinaanza kuota hana nguvu ya kumkatalia mnunuzi pekee aliyemfikia. Naamini kwamba lumbesa haitakoma kwa ukaguzi peke yake. Itapungua pale ambapo magari mengine yataweza kupanda mlima wenu mwezi wa Machi.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kwamba msianze kwa kuomba lami, wala msiridhike na greda. Greda likipita juu ya barabara isiyo na mitaro, huchonga udongo uliolegea ambao mvua mbili za kwanza huuondoa, na baada ya miaka kadhaa ya kuchonga, barabara huwa chini kuliko mashamba ya pembeni na kugeuka kuwa mfereji. Adui wa barabara ya vilimani ni maji. Ombeni kalavati au daraja katika lile korongo. Katika ule mlima ombeni tuta lililoinuliwa katikati, changarawe iliyoshindiliwa, mitaro iliyojengwa kwa mawe, na michepuko ya kuyatoa maji barabarani kabla hayajapata kasi. Pale penye mwinuko mkali, kipande kifupi cha zege kinaweza kuwafaa kuliko kilomita nyingi za changarawe katika tambarare ambako magari hupita bila shida. Mkoani Kigoma TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, imejenga madaraja ya mawe ya umbo la tao, ambayo hugharimu pungufu sana kuliko ya zege na nondo, na hutumia mafundi na mawe ya palepale. Ukinga, yaani huko kwenu Makete, haikosi mawe, kwa hiyo ulizeni kama korongo lenu linafaa kwa daraja la namna hiyo.

Kuhusu wa kumwomba, chunguzeni kwanza hadhi ya barabara yenu. Barabara kuu na za mikoa, ambazo kwa jumla ni takriban kilomita 37,000, ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya, zaidi ya kilomita 144,000, ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara yenu yaelekea ni ya wilaya, hivyo ombi lipitie serikali ya kijiji na diwani hadi kwa meneja wa TARURA wa wilaya, likitaja mahali panapokwama, miezi ambayo magari hayapiti, na magunia yanayotoka kijijini kwa msimu. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi, kwa hiyo mnapouliza bajeti mnauliza fedha ambazo nanyi mmechangia kila mlipopanda bodaboda. Kama barabara inaunganisha kata nyingi, mnaweza pia kuomba ipandishwe hadhi kuwa ya mkoa. Ombi hilo hujadiliwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Mkoa.

Niruhusu pia neno moja la ukweli. Wakulima wengi wa nyanda za juu hulima hadi ukingoni mwa barabara, na matuta ya viazi huelekeza maji njiani au huziba mtaro. Mkutano wa kijiji unaweza kulimaliza jambo hilo mwaka huu, kabla ya fedha yoyote kufika.

Swali: Mimi husafirisha mbao na viazi kwenda Dar es Salaam. Kwa nini tunapotezewa muda kwenye mizani, ilhali tani mbili za ziada haziwezi kuiumiza lami? — *Msafirishaji, Makambako*

Jibu: Zinaiumiza kuliko unavyodhani. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaoshika magurudumu), yaani ekseli ikibeba uzito maradufu, madhara kwa lami huwa kama mara 16. Ekseli moja yenye matairi manne inayopaswa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, madhara yake hukaribia maradufu. Foleni ni kero ya kweli, na msafirishaji ana haki ya kudai huduma ya haraka. Hata hivyo, unapopakia, gawanya mzigo vizuri kati ya ekseli, kwa sababu gari lililo ndani ya kikomo cha uzito wa jumla huweza kukamatwa kwa ekseli moja iliyoelemewa.