Ua hili au ua huu? Swali kutoka Ngamiani

Dada mmoja wa hapa Tanga, anauza maua ya vyungu kule Ngamiani, kaniandikia. Kabandika kibao "UA HUU WA USAMBARA UNAUZWA, HAUPENDI JUA", mzee mmoja kapita akamuuliza, mwanangu, unauza maua au unauza ua wa nyumba? Sasa anataka kujua kakosea wapi, na jina lenyewe ni ua la Usambara au ni urujuani wa Afrika kama alivyoona kwenye simu.

Pole dada, ila mzee yuko sawa. Lile la kuchuma ni ua hili, maua haya. Ua huu ni ule wa makuti nyuma ya nyumba ambako mama zetu wanakaa kuchambua mchele, wingi wake nyua, japo ukisema nyua siku hizi watu wanakutolea macho, wengi wamebaki na uani tu, na mtu akikuaga anaenda uani humfuati. Nadhani kilichokuponza ni mmea, maana mmea huu ni sahihi kabisa, ukaichukua hiyo "huu" ukaipachika kwenye ua.

Jina sasa. Urujuani ni rangi bwana, urujuani wa Afrika ni kama useme kijani cha Afrika, mtu anabaki anasubiri kijani cha nini. Hiyo imetafsiriwa tu kutoka Kiingereza, na wao walilifananisha na vayoleti ya kwao Ulaya wakati hata ukoo mmoja si wao. Wajerumani angalau waliitaja Usambara, wanaliita Usambaraveilchen, na ofisa wao aliyekuwa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo alilipeleka kwao 1892, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Wendland, akaliandika kwa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, ya Streptocarpus, ila hilo lisikusumbue kibaoni. Mi nakwambia baki na ua la Usambara, ndo kwao.

Na ile "haupendi jua" nayo ifute, ni halipendi jua. Hapo kosa ni la sarufi tu, maneno yenyewe ya kweli: kule Amani, milimani Usambara, unalikuta limejishika kwenye mwamba penye kivuli na unyevunyevu, jani lina manyoya laini kama sikio la paka, kwa hiyo na hivyo vyungu viondoe hapo barazani kabla jua la saa saba halijavikuta.