Mumeo Hajabadilika, Saa za Lewiston Ndizo Zimebadilika

Dada mmoja wa Lamu ameniandikia. Mumewe yuko Lewiston, jimbo la Maine, huku huku ninakoishi mimi. Anatoka kazini saa tisa alasiri na kumpigia papo hapo, lakini tangu Novemba simu inaingia saa tano usiku badala ya saa nne. Mume anaapa hajabadilisha kitu. Dada anauliza kama amwamini.

Mwamini, dada yangu. Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja, mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Lamu haina mchezo huo. Kiangazi cha huku mnatutangulia kwa saa saba, sasa ni nane.

Mimi jambo hili limeniuma. Ndugu zangu walikaa kikao cha nyumba ya marehemu babu, adhuhuri ya huku, nami niko kazini simu imefungiwa kabatini. Ami akatangaza barazani kwamba Marekani imenilevya. Maneno hayo yalinifikia kabla ya salamu za Idi, na sijayasahau.

Lakini ami hajawahi kuiona Lewiston. Ni mji wa viwanda vikuukuu vya nguo kando ya mto Androscoggin. Zamani walikuja Wakanada wa Kifaransa, tangu 2001 Wasomali, kisha Wakongo na Waangola. Desemba jua linazama saa kumi jioni! Watu ni wa miadi, maneno machache. Jirani yangu hanisalimu, ila theluji ikianguka naamka nakuta amenisafishia njia. Lamu utasalimiwa mpaka na mwenye punda anayekupita kichochoroni, na huulizi bei ya samaki kabla ya kuuliza hali ya watoto. Ukipiga simu alasiri ukataka jibu la haraka, utaonekana huna adabu.

Basi nikaacha kuhesabu saa, nikaanza kuuliza watu wa kule wanafanya nini. Baada ya isha, saa mbili usiku, Lamu imetulia. Huku ni saa sita mchana, nakula. Nikaomba mapumziko yangu yasiguswe, na kiangazi yasogezwe hadi saa saba, maana saa sita ingewakuta kati ya magharibi na isha. Leo hakuna kikao kinachokaa bila mimi, na ami ndiye anayenipigia wa kwanza.

Nyinyi mlioko ughaibuni, acheni kupiga simu mnapojisikia nyinyi! Mzazi si mlinzi wa zamu. Jueni saa ya mama yenu kabla ya kujua saa ya bosi.

Dada, mwambie mumeo akupigie akiwa mapumzikoni saa sita. Kazi ikimbana, basi akiamka saa kumi na moja alfajiri. Kwako itakuwa saa saba mchana, maduka yamefungwa, umeshaswali na chungu kimeshaepuliwa.