Maswali ya Wasomaji: Katiba ya jimbo inapoletwa mbele ya mpigakura

Wasomaji wetu waliopata uraia wa Marekani wanaendelea kutuandikia kuhusu sehemu ya karatasi ya kura ambayo haina jina la mgombea yeyote, bali ina maswali ya kukubali au kukataa marekebisho ya katiba ya jimbo. Safari hii tumeitoa safu nzima kwa barua hizo.

Ndugu Mhariri, nilijiandikisha kupiga kura hapa Texas nikidhani kazi yangu ni kuchagua viongozi. Nimekutana na orodha ndefu ya mapendekezo ya kubadili katiba: kodi ya majengo, maji, pensheni. Je, bunge la jimbo limechaguliwa kwa kazi gani ikiwa haya yote tunaulizwa sisi?
*Msomaji, Dallas*

Ndugu msomaji, bunge linakuwa limekwisha kufanya sehemu yake kabla swali halijakufikia. Huko Texas pendekezo la kurekebisha katiba ni lazima liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote katika kila baraza, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, na gavana hana uwezo wa kulizuia. Baada ya hapo ndipo wapigakura huamua kwa wingi wa kura. Jimbo lako haliwapi wananchi njia ya kukusanya saini na kupeleka pendekezo lao la kurekebisha katiba moja kwa moja kwenye kura, kwa hiyo kila unachokiona katika orodha hiyo kimetoka bungeni.

Wingi wa maswali una historia yake. Katiba ya Texas ya mwaka 1876 iliandikwa na watu waliokuwa na kinyongo na serikali yenye nguvu iliyotangulia baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, nao wakaifunga serikali mikono kwa kuingiza ndani ya katiba mambo ambayo nchi nyingine huyaweka katika sheria za kawaida. Matokeo yake ni kwamba hata kuanzisha mfuko wa fedha za miradi ya maji kunaweza kuhitaji katiba ifunguliwe. Katiba hiyo imerekebishwa zaidi ya mara 500, wakati Katiba ya Marekani yenyewe imepata marekebisho 27 tu tangu ilipoanza kutumika. Novemba 2023 wananchi wa Texas waliulizwa maswali 14, yakiwemo ya kodi ya majengo, mfuko wa maji na nyongeza kwa walimu wastaafu, wakayakubali 13 na kulikataa moja, lililotaka kuongeza umri wa mwisho wa majaji kukaa kazini.

Ninakusihi usiyadharau maswali haya kwa kuwa ni mengi. Mara nyingi Texas huyaweka katika chaguzi za Novemba za miaka ya namba witiri, wakati ambapo hakuna rais wala gavana anayechaguliwa na wapigakura wanaojitokeza ni wachache. Uzito wa kura moja katika siku kama hiyo ni mkubwa kuliko katika uchaguzi wa rais, nayo katiba inayobadilishwa siku hiyo itamhusu kila mkaazi wa jimbo, aliyepiga kura na asiyepiga.

Mhariri, mwaka 2024 hapa Ohio niliposoma swali la kwanza kwenye karatasi nilielewa kwamba pendekezo lingeruhusu mipaka ya majimbo ya uchaguzi ichorwe kwa upendeleo. Waliokuja mlangoni kwangu walisema lingekomesha upendeleo huo. Nilitoka kituoni nimechanganyikiwa. Mtu aamini lipi?
*Mama wa familia, Columbus*

Mama, hukuchanganyikiwa kwa uzembe wako. Pendekezo hilo lilitaka kuwaondoa wanasiasa katika kazi ya kuchora mipaka na kuikabidhi kwa tume ya wananchi 15. Hata hivyo, maneno yanayochapishwa kwenye karatasi ya kura jimboni mwenu ni muhtasari unaopitishwa na bodi ya jimbo. Katika muhtasari wa safari ile iliandikwa kwamba tume hiyo ingetakiwa kuchora mipaka kwa kuvipendelea vyama viwili vikubwa. Waandishi wa pendekezo walikwenda Mahakama ya Juu ya Ohio, nayo ikaamuru sehemu chache zirekebishwe na kuyaacha maneno mengine yabaki. Pendekezo likakataliwa.

Siwezi kukuambia kila mpigakura aliongozwa na nini, lakini ninaona ni jambo zito sana kwamba raia anaweza kufanya uamuzi juu ya katiba yake kwa kusoma maneno ambayo si ya katiba hiyo. Muhtasari, hata ulioandikwa kwa nia njema, ni maoni ya mtu juu ya kile kilichomo. Kitakachoingia katika katiba ni maandishi kamili ya pendekezo, nayo hupatikana kabla ya siku ya kura katika tovuti ya ofisi ya jimbo inayosimamia uchaguzi, na kwa kawaida maneno yanayofutwa huonyeshwa yamekatwa mstari na mapya yamepigiwa mstari chini. Anza na yaliyofutwa. Vipeperushi husifu kinachoongezwa, na ni nadra kukuta kipeperushi kinachokutajia kinachoondolewa.

Ukishayasoma, jiulize ni nani anayepata madaraka na ni nani anayeyapoteza, kisha tazama iwapo pendekezo linajitekeleza lenyewe au linasubiri sheria ya bunge. Florida ilijifunza hili. Mwaka 2018 zaidi ya asilimia 64 ya wapigakura walikubali kuwarudishia haki ya kupiga kura watu wengi waliomaliza vifungo vya makosa makubwa. Mwaka uliofuata bunge likatunga sheria inayotaka kwanza walipe faini na gharama za mahakama walizohukumiwa, na wengi waliodhani wamefunguliwa mlango wakaukuta umefungwa tena.

Kwa kuwa umetaja pia katika barua yako kwamba mama mkwe wako hasomi Kiingereza, fahamu kwamba sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965, kama ilivyorekebishwa baadaye, inamruhusu mpigakura asiyeweza kusoma kusaidiwa kituoni na mtu anayemchagua mwenyewe, mradi mtu huyo si mwajiri wake au wakala wa mwajiri, wala si ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Unaweza kuingia naye.

Kuna maswali sikuyaelewa, nikaona ni uungwana kuyaacha wazi ili wanaoelewa waamue. Nilikosea?
*Msomaji, Chicago*

Hukuvunja sheria yoyote, ila kuacha wazi hakuna maana moja kila mahali, na katika jimbo lako kuna athari. Illinois inalipitisha pendekezo la katiba kwa mojawapo ya njia mbili: likubaliwe na asilimia 60 ya waliojibu swali hilo, au likubaliwe na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura katika uchaguzi huo. Kwa kipimo cha pili, karatasi iliyoachwa wazi inakuwa sawa na kura ya kukataa. Mwaka 2022 pendekezo la haki ya wafanyakazi kujiunga katika vyama vyao na kujadiliana na waajiri lilipata takriban asilimia 59 ya waliojibu, likapungukiwa na kipimo cha kwanza, na kuokolewa na cha pili. Minnesota ina kipimo hicho kimoja tu cha wingi wa wote waliopiga kura, kwa hiyo huko kila anayeruka swali amelipinga, apende asipende.

Florida mwaka 2024 pendekezo kuhusu utoaji mimba lilipata asilimia 57, likatangazwa limeshindwa. Siulizi kuhusu mimba, kwa kuwa nyumbani kwetu tunatofautiana katika hilo. Ninauliza iwapo ni haki walio wengi kushindwa na walio wachache.
*Msomaji, Tampa*

Umeuliza vizuri kwa kulitenga jambo lenyewe na utaratibu wake, kwa sababu utaratibu huohuo siku hiyohiyo uliangusha pia pendekezo la kuhalalisha bangi, lililopata karibu asilimia 56. Florida inadai asilimia 60 tangu wapigakura walipokubali kipimo hicho mwaka 2006. Wakati huo pendekezo la kupandisha kipimo lilipata takriban asilimia 58, yaani lisingeweza kupita kwa kipimo ambacho lenyewe liliwawekea wengine.

Hoja ya wanaotaka kipimo cha juu si ya kupuuzwa. Sheria mbaya hufutwa na bunge katika kikao kijacho, bali ibara mbaya ya katiba hubaki hadi wananchi waitwe tena, na kampeni yenye fedha nyingi inaweza kupata nusu ya kura na ushee kwa matangazo ya wiki chache. Mimi mwenyewe ninaamini katiba ibadilishwe kwa taratibu, na ninaona busara katika utaratibu wa Nevada, ambako pendekezo la wananchi hupigiwa kura katika chaguzi kuu mbili mfululizo. Huko muda wa kufikiri ndio unaoongezwa, na nusu ya raia inabaki kuwa nusu.

Ninachokipinga ni kipimo kubadilishwa katikati ya safari kwa sababu ya abiria fulani. Agosti 2023 bunge la Ohio lilipeleka kwa wananchi pendekezo la kupandisha kipimo kutoka wingi wa kawaida hadi asilimia 60, na kutaka saini zikusanywe katika wilaya zote 88 badala ya 44, miezi mitatu tu kabla ya kura nyingine iliyokuwa imeletwa kwa saini za wananchi. Wananchi walilikataa. Njia ya saini iliingizwa katika katiba ya Ohio mwaka 1912 ili umma uwe na pa kupita pale bunge linapokataa kuusikia. Bunge likipewa nafasi ya kuiziba njia hiyo kila linapoona nani anakuja, njia haipo. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tampa, kushindwa kwa asilimia 57 si dhuluma ikiwa kipimo kilijulikana mapema na kilimhusu kila mtu, lakini unayo haki ya kudai kipimo chenyewe kijadiliwe upya, katika mwaka ambao hakuna upande unaohesabu kura zake.

Jimbo likikubali marekebisho yanayopingana na Katiba ya Marekani, ipi inashinda?
*Mwanafunzi, Little Rock*

Ya Marekani. Jimbo lako ni mfano: mwaka 1992 wapigakura wa Arkansas waliweka ukomo wa vipindi kwa wanaowawakilisha katika Bunge la Marekani, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo halina mamlaka hayo.

Mimi ni mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani. Nje ya duka kubwa kijana alinisihi nisaini ombi la kubadili katiba ya jimbo, akasema saini si kura. Nisaini?
*Msomaji, Phoenix*

Usisaini, ndugu yangu. Ni kweli saini si kura, lakini saini hizo huhesabiwa tu zikiwa za wapigakura walioandikishwa, na Arizona huzihakiki kwa kuzilinganisha na daftari la wapigakura. Saini yako haitalisaidia pendekezo hata kama unalipenda. Ukipewa pia fomu ya kujiandikisha kupiga kura, irudishe bila kuijaza, kwa sababu kujitangaza kuwa raia wakati bado hujawa raia ni kosa linaloweza kukugharimu ukaazi wako, na kusema kwamba uliambiwa na kijana wa dukani hakuwezi kutegemewa kukuokoa. Iwapo ulikwisha kusaini au kujaza fomu yoyote, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujapeleka maombi ya uraia. Sauti yako haijafungwa kwa hayo: unaweza kumwandikia mbunge wa jimbo wa eneo lako, kuhudhuria vikao vya wazi vya kamati zake na kuwaeleza jirani zako walio raia kwa nini unaliunga mkono pendekezo au unalipinga.